Bukavu: kizima moto kipo ukutani, lakini nani anajua kukitumia?

Mjini Bukavu, mkoani Kivu kusini, habari ya moto haishangazi tena mtu. Kiangazi kikifika, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, mbao za nyumba za Kadutu zinakauka na cheche moja inatosha. Kesho yake watu wanahesabu nyumba zilizoteketea, viongozi wanapita kutoa pole, majirani wanachangia sufuria na nguo. Lakini kuna moto ambao hauanzii kitandani wala kwenye jiko la mama mwenye nyumba. Unaanzia kazini, kisha unavuka ukuta wa mbao na kuingia kwa jirani ambaye hakuhusika na lolote.

Tunaongelea atelye ya seremala iliyobanana na makazi ya watu, kibanda cha kuchaji simu chenye ralonji saba juu ya prizi moja, wachomelea vyuma kando ya barabara, jiko la restora, depo ya magodoro na vitambaa, hata ofisi ya shirika yenye kompyuta na batri za jua. Wengi wanaofanya kazi humo hawana asiransi. Mashine ya kukata mbao imenunuliwa kwa deni, ama kwa zamu ya likelemba iliyosubiriwa miezi. Ikiungua, fundi anarudi nyuma miaka kumi, na vijana wanne au watano aliowaajiri wanabaki barabarani.

Katika baadhi ya sehemu hizo kizima moto, ama ekstenkteri kama wengi wanavyosema hapa kwetu, kipo. Kimefunikwa na vumbi juu ya kabati. Kimefungiwa ndani ya chumba ambacho ufunguo wake uko kwa bosi, na bosi amesafiri. Mara nyingine kimewekwa chini kuzuia mlango usijifunge. Kwenye magari ni hivyo hivyo: dereva anakinunua ili polisi wa barabarani asimsumbue, na siku moto unapotoka chini ya kapo ya injini, hajui pini iko wapi.

Tuseme ukweli kuhusu mji wetu. Gari la wazimamoto, hata likiwa na maji na mafuta ya kutosha, haliwezi kupanda ngazi za Nyamugo wala kupenya kwenye vijia vya Nkafu ambamo watu wawili wanapishana kwa shida. Moto mdogo kwenye mbao kavu hauhitaji dakika nyingi kufika kwenye paa. Kwa hiyo dakika mbili za kwanza ni za yule aliye karibu: fundi, mwanafunzi wa kazi, mpishi, sentineli. Yeye ndiye pompie wa kwanza, apende asipende.

Moto unatoka wapi

Chanzo cha kwanza kila mmoja anakijua, ni umeme. Umeme wa SNEL unakatika mchana, mashine inabaki imewashwa, pasi inabaki juu ya kitambaa, watu wanafunga na kwenda nyumbani. Saa nane usiku umeme unarudi, mara nyingine kwa nguvu kupita kiasi, na hakuna mtu. Kuchomoa kila kitu kabla ya kufunga mlango hakugharimu hata faranga moja, lakini ni kazi ambayo haina mwenyewe. Kila mmoja anadhani mwenzake amefanya. Mahali pa kazi panapojiheshimu, mtu mmoja anatajwa kwa jina kila jioni.

Halafu kuna disjonkteri. Ikiwa inakatika kila wakati, si kwamba ni mbaya. Inakuambia kwamba nyaya zinabeba mzigo kupita uwezo wake. Anayeiruka kwa kipande cha waya ili kazi iendelee ameondoa kitu pekee ambacho kingemwamsha. Vilevile ralonji iliyoviringishwa huku inabeba mashine kubwa inapata joto katikati ya mviringo, mahali usipoona. Inyooshe yote kabla ya kuitumia.

Kwa wachomelea vyuma hatari inatembea. Cheche zinaweza kuruka na kubiringika mita kumi, zikaingia kwenye ufa wa sakafu ama chini ya rundo la vumbi la mbao, zikalala humo bila moshi. Ndiyo maana katika viwanda vikubwa mtu anabaki kuangalia mahali hapo nusu saa hadi saa nzima baada ya kazi kwisha. Kwetu fundi anazima mashine, ananawa mikono na kupanda pikipiki. Seremala naye ana yake: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa kwenye kona vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka bila mtu kuvigusa. Vitandaze nje vikauke, ama vitie ndani ya debe la chuma lenye maji na mfuniko.

Na esansi. Wanaouza mafuta kwenye vidumu kando ya barabara, wale tunaowaita kadafi, wanajua harufu yake lakini si wote wanajua tabia yake. Kinachowaka ni mvuke wake, si yale majimaji yenyewe. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini kama maji yasiyoonekana hadi unapokuta mbabula ya mama anayechoma mahindi mita kadhaa mbali, kisha moto unarudi kwenye kidumu kwa njia ileile. Kujaza jenereta ikiwa bado inanguruma, ama imezimwa sasa hivi na bado ni ya moto, ni mchezo wa namna hiyohiyo.

Watu wa bonde la Ruzizi hawahitaji kufundishwa hilo. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, wilayani Uvira. Watu walisogea, wengine kuteka mafuta yaliyomwagika, wengine kutazama tu, na wengine walikuwa wamejazana karibu na hapo kuangalia mechi ya Kombe la Dunia. Moto ulipowaka, watu zaidi ya 200 walikufa. Mwezi wa nne 2025, kwenye mto Congo karibu na Mbandaka, moto wa kupikia ndani ya boti ya mbao ulifika kwenye mafuta, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Boti hiyo ilikuwa pia mahali pa kazi pa nahodha na vijana wake. Wala si kwa watu wa chini peke yao: usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2018, depo ya tume ya uchaguzi mjini Kinshasa iliungua pamoja na mashine za kupigia kura karibu 8000, na uchaguzi ukasogezwa mbele wiki moja.

Si kila kizima moto ni cha kila moto

Ili moto uishi unahitaji kitu cha kuungua, hewa na joto. Ondoa kimoja, unakufa. Maji yanaondoa joto. Mfuniko juu ya sufuria unaondoa hewa. Kufunga chupa ya gazi kunaondoa kile kinachoungua. Vizima moto vyote ni namna mbalimbali za kufanya jambo hilo, na kosa linaanza pale mtu anapodhani chupa zote nyekundu ni sawa.

Kwenye lebo kuna herufi. A ni vitu vigumu kama mbao, karatasi, nguo na godoro. B ni vya majimaji: esansi, mazuti, rangi, dilyani. Kwa vifaa vinavyofuata kanuni za Ulaya, C ni gazi, na F ni mafuta ya kupikia. Hapo kuna mtego, kwa sababu kwa vifaa vya Kimarekani C inamaanisha umeme, na mafuta ya kupikia ni K. Soko letu linapokea bidhaa kutoka kila upande wa dunia. Basi usisome herufi peke yake. Tazama picha iliyo pembeni, na utafute maandishi kuhusu umeme, ambayo kwa kawaida yanataja volti na umbali wa kusimama.

Unachokikuta mara nyingi madukani ni cha poda ya ABC. Ni kizuri kwa atelye na gari kwa sababu kinakubali mambo mengi: mbao, esansi, gazi, na hata vifaa vya umeme kama lebo inaruhusu. Ila poda haipozi. Moto wa godoro ama wa rundo la mbao ukizimwa kwa poda unaonekana umekufa, kumbe makaa yanapumua ndani. Baada ya dakika kumi unarudi. Ukishazima, na umeme umekatwa, mwaga maji na kufukua rundo. Jambo lingine, poda ikipulizwa ndani ya chumba kidogo hutaona hata mkono wako, na kompyuta zilizonusurika na moto zitaharibika kwa vumbi lake.

Kwa ofisi yenye kompyuta, na kwa chumba cha mitambo ya umeme, kile cha gazi ya kaboni ni bora, hakiachi uchafu. Kinajulikana kwa pembe yake nyeusi na kwa kukosa saa ya kuonyesha nguvu. Gazi hiyo inatoka ikiwa na baridi ya nyuzi kama 78 chini ya sifuri, kwa hiyo shika mpini na si pembe, ama ngozi ya vidole itabaki hapo. Inafukuza pia hewa ambayo wewe mwenyewe unapumua. Ukimaliza ndani ya chumba kilichofungwa, toka na uache mlango wazi. Vile vya maji yaliyochanganywa na dawa vinafaa sana kwa vitambaa, karatasi na mbao, visitumiwe kwenye sufuria ya mafuta.

Mafuta ya kupikia yanastahili maneno yake. Mama wa restora anapoona sufuria ya makayabu ama ya mikate inawaka, mkono wake unaenda kwenye ndoo ya maji kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini yake, na kwa joto lile yanageuka mvuke mara moja: litri moja ya maji inatoa mvuke litri kama 1700. Mvuke huo unarusha mafuta yanayowaka hadi kwenye paa na usoni. Funga gazi ama sogeza makala, funika sufuria kwa mfuniko ama sahani ya chuma, usiiguse, usiifunue kuchungulia. Subiri ipoe kabisa.

Kwa chupa ya gazi inayowaka kwenye mpira wake, kuzima ndimi za moto bila kuweza kufunga gazi ni hatari zaidi kuliko kuziacha. Gazi itaendelea kutoka kimyakimya, itajaa chumbani na kungoja cheche. Funga kwanza ikiwa mkono unafika. Kama haufiki, ondoa watu. Na batri za litiyumu, za simu na za jua, ambazo sasa ziko katika kila kibanda: zikianza kuvimba, kufoka moshi na kurusha moto, poda haiwezi kuzipoza. Simu moja unaweza kuisukuma nje kwa koleo na kuimwagia maji mengi. Batri kubwa ya ukutani ni ya kukimbia.

Mkono uende wapi

Kabla ya kukimbilia ukuta, piga kelele. Mtu anayepigana na moto peke yake bila mwingine kujua ndiye anayekutwa baadaye. Mwingine akate umeme na kutoa watu, wewe chukua kizima moto.

Simama mahali ambapo mlango uko nyuma yako na moto mbele yako, kamwe si kinyume. Ukiwa nje, upepo uwe mgongoni. Vuta pini; usiminye mpini wakati unavuta, kwa sababu hapo pini inakwama na watu wanadhani kifaa kimeharibika. Minya kidogo ukiwa bado mbali, ujue kama kinafanya kazi kabla ya kusogea. Kisha karibia hadi mita mbili ama tatu kwa poda, karibu mita moja kwa gazi ya kaboni.

Kuna aina moja ambayo inawapoteza wengi. Vizima moto vingine havina nguvu ndani muda wote. Vina chupa ndogo ya gazi iliyofichwa, na unatakiwa kuvuta pini, kisha kupiga ama kusukuma kitufe cha juu kwa nguvu, kusubiri sekunde chache, ndipo uminye kwenye mwisho wa mpira. Aliyezoea kile cha kuminya tu atakibeba, atakiminya, hakitatoa kitu, atakitupa. Soma maandishi ya kile kilicho mahali pako pa kazi leo, si siku ile.

Lenga chini, mahali pale moto unaposhika kitu. Ndimi zinazopanda juu zinavuta macho, na karibu kila mtu asiyefundishwa anapulizia huko, poda inapita hewani bure. Peleka mpira kushoto na kulia kama unayefagia, ukianza na ukingo ulio karibu nawe, ukisonga mbele kadiri moto unavyorudi. Kwa esansi iliyomwagika, usipige katikati kutoka karibu, nguvu ya poda itairusha na kueneza moto. Ukimaliza, rudi kinyumenyume. Usiupe moto mgongo.

Yote haya yanafanyika kwa haraka kuliko unavyofikiri. Kile cha kilo moja cha kwenye gari kinaisha kwa sekunde chini ya kumi. Cha kilo sita kinadumu sekunde kumi hadi ishirini. Hakuna muda wa kujaribu mara mbili, ndiyo maana tunasema ujifunze ukiwa umetulia.

Njia ya kujifunza bila gharama kubwa ipo. Kizima moto kinapofika wakati wa kujazwa upya, usimwachie fundi akamwage poda yake kwake. Washa vipande vya mbao ndani ya nusu pipa, uwanjani, mbali na nyumba, na umpe yule kijana mgeni wa kazi akizime huku wengine wanatazama. Hakikisha tu kuna kingine ukutani siku hiyo. Mtu aliyewahi kusikia mlio wake na kuhisi mpira ukiruka mkononi hatatetemeka kama yule aliyeona picha tu.

Wakati wa kuacha

Moto ukiwa sawa na kikapu cha takataka, pigana nao. Ukifika kimo chako, ukigusa paa, ama moshi ukianza kushuka, umechelewa. Kizima moto kimoja kikiisha na moto bado uko, toka. Moshi unaua kabla ya moto kufika. Hewa iliyobaki iko chini, kwa hiyo inama ama tambaa. Vuta mlango nyuma yako bila kuufunga kwa ufunguo. Usirudi kuchukua simu, cherehani wala bahasha ya pesa.

Lakini kutoka kunahitaji mlango, na hapa ndipo mahali petu pa kazi panapoogopesha zaidi. Kwa sababu ya wezi, madirisha yana vyuma, mlango wa nyuma umezibwa na bidhaa, na kuna mabosi wanaomfungia sentineli ndani usiku kwa kadena iliyo nje, ufunguo ukiwa mfukoni mwao upande mwingine wa mji. Mjini New York, tarehe 25 Machi 1911, wafanyakazi 146 wa kiwanda cha nguo, wengi wao wasichana, walikufa kwa moto ambao mlango mmojawapo ulikuwa umefungwa ili wasiibe vitambaa. Zaidi ya karne imepita, na kadena bado zinauzwa. Hakuna mali ya duka inayolingana na sentineli. Ufunguo wa pili uning'inizwe ndani, mahali anapoweza kuufikia gizani.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inazungumzia afya na usalama kazini, pamoja na kamati ya usalama, usafi na urembeshaji wa mahali pa kazi. Kampuni kubwa za migodi huko Lualaba na Haut-Katanga zina watu wa kazi hiyo. Atelye ya watu watano haitaunda kamati, hilo linaeleweka. Inaweza hata hivyo kumchagua mmoja wao, na kumpa dakika tano kila mwanzo wa mwezi.

Dakika hizo anazitumia hivi: sindano ya saa iko kwenye rangi ya kijani? Pini na kamba yake ya plastiki vipo? Mpira haujapasuka, panya hawajajaza mdomo wake? Kile cha gazi ya kaboni anakipima kwenye mizani na kulinganisha na uzito ulioandikwa. Cha poda anakigeuza juu chini na kusikiliza kama poda inatembea, kwa sababu ikikaa muda mrefu, hasa ndani ya gari linalotikiswa na mashimo ya njia, inashikana kama saruji. Kisha anakirudisha karibu na mlango wa kutokea, kwa kimo cha mkono, si pembeni ya jiko ambalo ndilo litakalowaka. Asiye na uwezo wa kununua aweke ndoo ya mchanga kwa ajili ya esansi na pipa la maji kwa ajili ya mbao, na asiruhusu mtu kuchota maji hayo kufulia.

Wakati wa kununua, usiridhike na rangi mpya. Chupa ya zamani iliyopakwa rangi nyekundu inang'aa kama mpya. Tazama tarehe iliyogongwa kwenye chuma, pima uzito mbele ya muuzaji, kataa yenye kutu chini ama iliyobonyea. Na kizima moto kilichominywa hata mara moja, hata kwa sekunde moja, kisirudishwe ukutani: chembe za poda zinabaki kwenye vali, haifungi tena vizuri, na kwa siku chache nguvu yote inavuja bila sauti. Kipelekwe kujazwa kabla ya kazi kuendelea.